Jina Hili Lina Mwenyewe

Makambako, 22 Novemba 2004

Mvua imeanza. Filemoni ameninunulia daftari hili, eti kila anayetengeneza programu lazima aandike alichofanya siku hiyo, ili akikosea ajue alikosea wapi. Nimemwambia sawa, ila nitaandika ninachotaka mimi. Amecheka. Siku hizi akicheka anashika kiuno.

Basi nianze. Mimi ni Telesia, mke wa Filemoni, na hatujajaliwa mtoto. Tunaishi chumba cha nyuma cha duka la intaneti la Mzee Sudi, katika jengo lililokuwa ghala la ushirika. Ushirika umekufa, kila mtu sasa na biashara yake, na mkulima wa viazi anakaa barabarani na magunia yake akimwomba Mungu lori lipite. Mzee Sudi ana malori yanayotoka Tunduma kurudi Dar matupu. Ndipo mume wangu akamwambia: tutengeneze tovuti, mkulima aje hapa aandike mzigo wake, mwenye lori ausome popote alipo, aje achukue. Mzee Sudi hakuelewa hata nusu, lakini alikubali. Anampenda sana Filemoni.

Miguu ya Filemoni imevimba. Anasema ni kukaa sana kwenye kiti.

25 Novemba

Mvua. Dishi la intaneti halishiki. Tumelala mapema.

2 Desemba

Yonathani amekuja kutoka Mtwango na debe la mahindi na kidumu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ni mdogo wake Filemoni, wamefuatana, na mgongo wao ni mmoja ukiwaangalia kwa nyuma. Kwa mbele ni watu wawili tofauti. Huyu hasemi. Anakaa, anakunywa, anaangalia kaka yake akibofya kompyuta kama mtu anayeangalia mahindi yakiiva, halafu jioni anaaga. Mimi watu wa namna hii wananichosha. Alipoondoka nikamwambia Filemoni mdogo wake anakuja kuhesabu mali. Filemoni akageukia kompyuta yake, na mimi nikajua nimevuka mpaka, lakini sikuomba radhi.

9 Desemba

Leo nimegombana na kompyuta hadi nikataka kulia. Filemoni alinipa kazi ndogo. Mtu akishaandika jina lake na neno lake la siri, programu imtambue, kisha impeleke kwenye ukurasa unaomhusu. Mkulima aende kwa wakulima, mwenye lori kwa wenye malori, na msimamizi, yaani Filemoni mwenyewe, aende kwenye ukurasa wa kukagua mizigo na kuipitisha. Nikaandika vizuri tu. Mtu akiingia anaona kwanza salamu yetu ya Kibena, “Kamwene, karibu sana,” ndipo anapelekwa. Basi haendi. Anasalimiwa, anabaki pale pale, na chini ya salamu kompyuta inalalamika kwa Kiingereza.

Filemoni akaja akijikongoja, akasoma mistari yangu, akaanza kucheka.

“Telesia, ukitaka kumpeleka mtu ukurasa mwingine, usitoe neno lolote kwanza. Hata nafasi tupu usiache. Ukishatoa neno moja tu, umechelewa, hawezi kwenda tena.”

“Nimpeleke mtu bila kumsalimia? Ni Wabena wa wapi hao?”

“Msalimie akishafika.”

Mzee Sudi alikuwa mlangoni anafuta viatu. Akasema hata yeye angesalimia kwanza, na kwamba aliyetengeneza lugha hiyo hakufundwa kwao. Tukacheka wote watatu. Nimehamisha salamu. Sasa inafanya kazi.

20 Desemba

Tumetoka hospitali. Figo. Daktari ni kijana, alizungumza huku akiangalia kalamu yake. Kuna mashine ya kusafisha damu, iko mbali, na mtu anaitumia mara kwa mara maisha yake yote. Filemoni akauliza maswali ya kifundi, mashine inachukua muda gani, inatumia umeme kiasi gani, kama vile anataka kuinunua.

Kwenye basi amelala begani kwangu. Mvua tangu asubuhi.

25 Desemba

Krismasi. Kwaya imeimba vizuri. Hakuweza kusimama.

8 Januari 2005

Tovuti imefunguliwa. Filemoni alivaa koti lake la kahawia. Wakulima walikuja wengi kuliko viti, na kila mmoja tulimfungulia jina lake. Mzee mmoja kutoka Ipelele, ambaye alisafiri jana yake kutwa, alikataa kuchagua neno la siri. Akasema yeye hana siri, ana viazi. Ikabidi Filemoni amweleze kwamba siri si ya mambo yake, ni ya mlango wake tu.

Dereva wa Mzee Sudi, Mudy, kijana wa Tanga mwenye maneno mengi, alikuwa wa kwanza kuchukua mzigo. Alimkumbatia Filemoni akamwinua juu, na mimi nikapiga kelele amshushe. Alidhani namwonea wivu. Kesho anaondoka na lori la Kongo, hatutamwona miezi.

Tatizo moja. Watu hawatoki. Kuna kitufe cha kutoka, lakini wanaona ni kama kubamiza mlango usoni kwa mwenye nyumba, kwa hiyo wanainuka tu na kuacha ukurasa wazi. Anayefuata anakaa, anaandika viazi vyake kwa jina la mwenzake. Leo lori limekwenda kupakia kwa mjane ambaye hana hata tuta. Filemoni amesema ataweka mtu akikaa kimya muda fulani programu imtoe yenyewe, taratibu.

19 Januari

Hakai tena. Analala kwenye mkeka nyuma ya meza, mimi nabofya, yeye anasema niandike nini. Sauti imekuwa ndogo. Mvua ikipiga bati simsikii, inabidi nipige magoti sikio langu liwe mdomoni kwake. Wateja wanaona. Acha waone.

Amenifungulia jina langu, telesia, la msaidizi. Msaidizi anaweza kusoma mizigo, hawezi kuipitisha. Nikamuuliza mbona usinipe usimamizi. Akasema kesho.

Neno lake la siri silijui. Kumwuliza ni kumwambia unakufa. Kwa hiyo kila asubuhi namsogezea kibao cha kompyuta hapo mkekani, anaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na mimi naangalia ukutani.

27 Januari

Mvua. Ameandika neno lake la siri mara tatu ndipo likakubali.

3 Februari

Filemoni amefariki jana alasiri. Nilikuwa nimetoka kununua mkaa.

15 Februari, Mtwango

Tulimzika Jumamosi. Kaburi lilijaa maji, wakayachota kwa ndoo, yakajaa tena, na mwishowe mchungaji akasema tusichelewe zaidi. Jeneza liliposhuka nilisikia limekanyaga maji. Sauti hiyo naisikia hadi sasa nikiinama kuosha vyombo.

Hakuniaga. Watu wananiambia alikuwa anateseka, amepumzika. Najua. Nami ningependa aliyepumzika aniambie anakwenda. Nilikwenda kwa muuza mkaa, nikabishana naye, nikarudi, basi.

Yonathani alichimba kaburi karibu peke yake. Wenzake walipokezana, yeye hakutoka. Nilimtazama nikafikiri anajionyesha kwa wazee. Naandika hili kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Mama mkwe analala nami chumba kimoja. Anaamka, ananigusa mguu, analala tena.

1 Machi, Makambako

Nimerudi. Mzee Sudi alikuwa amefunga intaneti tangu msiba, ameandika kwa chaki mlangoni, “Tumefiwa.” Amenipa mkono, akasema chumba ni changu mpaka mimi mwenyewe niseme sikitaki.

Ndani ya tovuti mizigo imelundikana ikisubiri kupitishwa na msimamizi. Wakulima wanaandika kutoka Njombe, wanauliza mbona malori hayaji. Viazi vinaoza kwa mvua hii.

Nimefungua ghala la kumbukumbu ambamo majina yote yamehifadhiwa. Pale kwenye neno la siri la Filemoni kuna msururu wa herufi na tarakimu zisizosomeka. Ndivyo alivyotengeneza, neno likishaingia linasagwa, hakuna mtu awezaye kulirudisha lilivyokuwa, hata yeye. Naweza kulifuta na kuweka jingine. Naweza pia kujipa usimamizi mwenyewe, ni kubadili neno moja tu kwenye mstari wenye jina langu. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Sikufanya. Nikifanya, hatahitajika tena.

4 Machi

Mzee Sudi ameniuliza kwa upole mizigo itapita lini. Nimemwambia kuna hitilafu. Ameelewa hitilafu ni mimi.

5 Machi

Mvua. Nimeingia ghala la kumbukumbu, nikawa napitisha mzigo mmoja mmoja kutoka humo, kwa mlango wa nyuma, kama mwizi. Ni kazi ya kijinga na ndefu. Lakini viazi vya wakulima visioze kwa ajili yangu. Msimamizi bado ni Filemoni.

20 Machi, Mtwango

Leo wamevunja matanga. Ndugu wote walikuja, ulanzi ukamwagika, na wazee wa kanisani wakajifanya hawauoni. Nilijua watakabidhi jina, huku ndivyo inavyofanyika, aliyekufa hasemwi amekwisha mpaka jina lake lipate mtu. Sikujua litaniuma hivi.

Walimkalisha Yonathani kwenye kigoda. Mama mkwe akamvika lile koti la kahawia. Baba mdogo Anselmi akasema, “Tangu leo huyu ni Filemoni. Mwenye shida na Filemoni aje kwake. Kazi ya Filemoni ni yake.” Watu wakaja mmoja mmoja kumpa mkono, “Kamwene, Filemoni,” naye anaitika, macho chini. Zamu yangu ilipofika nilimpa mkono, jina halikutoka.

Baadaye Baba mdogo Anselmi akanivuta kando. Akasema nyumba ya Filemoni isibaki na giza wakati Filemoni yupo. Nilielewa anachosema: Yonathani anirithi. Nikamjibu nina hitilafu kule kazini, nikaondoka na lori la mbao.

Kazi ya Filemoni ni yake. Mtu ambaye hajawahi kugusa kibao cha kompyuta. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilifika Makambako sijui nimelowa.

29 Machi

Amekuja. Koti limembana mabegani. Akaniamkia, “Habari za hapa, shemeji,” akasema wazee wamemtuma afunguliwe jina. Nikamwambia kaa, jiandikishe kama kila mtu. Nilijua kitakachotokea, na nilimwacha.

Akatafuta herufi moja moja. F ilimchukua muda. Alipomaliza kuandika filemoni akabofya, na kompyuta ikamjibu maneno ambayo mume wangu aliyaandika kwa mkono wake: “Jina hili lina mwenyewe. Chagua jingine.”

Akasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma somo kanisani. Akarudia. Halafu akaniangalia.

“Inasema lina mwenyewe.”

“Ndivyo.”

“Mwenyewe nani?”

Akainuka, akaweka kiti vizuri chini ya meza, akatoka kwenye mvua. Nilifurahi. Furaha ile ilikaa kama robo saa, kisha nikajiona mtu mbaya.

6 Aprili

Mama mkwe amekuja mwenyewe, kwa lori la mbolea, na magoti yake yale. Nimempikia uji. Alikunywa wote, akaweka kikombe chini.

“Mwanangu, mimi kompyuta siijui. Nakuuliza tu. Humo ndani mmemweka nani?”

Nikamwambia hakuna mtu, mama, ni jina tu.

“Ni hilo hilo ninaloliomba. Wewe na yeye hamkupata mtoto, si kosa lako wala lake, Mungu anajua. Wengine wanaacha watoto. Wangu ameacha jina. Ukilifungia humo, mimi nimwite nani nikiamka?”

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi ameniachia hilo hilo. Nikalia, naye akalia, uji wa pili ukaungua.

15 Aprili

Mvua zinapungua. Yonathani amekuja tena, safari hii mimi ndiye niliyemwita. Nilikuwa nimefikiria njia ya katikati: nisimfute Filemoni, nimwekee tu neno jipya la siri, Yonathani aingie kwa jina hilo hilo, ila usimamizi nimwondolee ili asivuruge kazi. Niliondoa usimamizi. Sikuweka kitu mahali pake, si mkulima, si mwenye lori. Mkono ulikataa.

Yonathani akaandika jina, akaandika neno. Programu ikamtambua. Ikampeleka kwenye ukurasa wake, lakini hana ukurasa, kwa hiyo ikamrudisha mlangoni. Mlangoni wakaona huyu ameshaingia, wakampeleka ndani. Ndani wakamrudisha. Kioo kikawa cheupe, kile kialama cha juu kinazunguka na kuzunguka.

“Kinatafuta nini?” Yonathani akaniuliza.

“Kinatafuta pa kukupeleka.”

Tukakaa tunaangalia. Mtu mzima yeyote angezima. Mimi sikuzima, naye hakuinuka.

Ndipo akaanza kusema, yeye asiyesema. Akasema hataki kazi ya kaka yake, yeye anajua jembe. Akasema amewaambia wazee habari ya kunirithi waiache, shemeji yake ana akili zake, na Baba mdogo Anselmi hajazungumza naye tangu siku hiyo. Akasema tatizo ni moja. Kijijini kila mtu anamwita Filemoni, watoto, mchungaji, mama. Akiitwa anaitika. “Lakini usiku nikisema sala zangu sijui nimwambie Mungu mimi ni nani. Nikadhani nikiandikwa mahali, nitazoea. Nina viazi, shemeji. Nilitaka tu niviandike kwa jina wanaloniita.”

“Ulichimba kaburi peke yako,” nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema hilo.

“Lilikuwa linajaa maji. Sikutaka mtu mwingine ayakanyage.”

Nilizima kompyuta. Sikuweza kumwangalia usoni. Huyu ndiye niliyesema anakuja kuhesabu mali.

22 Aprili

Nimefanya. Naandika nilivyofanya, kwa utaratibu, kama alivyotaka niwe naandika.

Kwanza nilijipa usimamizi. Neno moja. Kisha nikahamisha mizigo yote aliyowahi kuipitisha, nikaiweka chini ya jina langu, maana ukimfuta mtu kabla ya kuhamisha kazi zake, kazi zinabaki hazina mwenyewe na ukurasa unavunjika. Nilisoma mmoja mmoja. Vitunguu vya Januari. Mbao. Viazi vya yule mzee wa Ipelele asiye na siri. Chini ya kila mmoja paliandikwa filemoni, nami nikaandika telesia. Nilikuwa naona aibu, kama mtu anayechukua sifa ambazo si zake.

Halafu nikafika kwenye mstari wake. Programu huuliza, “Una uhakika?” Aliniambia zamani kwamba lazima iulize, kwa sababu hakuna kurudi nyuma. Nilikaa. Mzee Sudi alikuja na vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akaona, akaketi pembeni bila kuuliza. Alisema dua yake kwa sauti ya chini, mimi nikaitikia amina, nikabofya.

Mstari ukatoweka na wa chini yake ukapanda kushika nafasi. Haikuchukua hata muda wa kupumua.

Nikaingia kwa jina langu. Nilipelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa msimamizi, alikokuwa anakaa yeye kila siku, ambako mimi sikuwahi kufika ila kwa kuchungulia begani kwake. Ulifunguka tu. Nilitegemea angalau ungesita kidogo.

Mchana Yonathani akajiandikisha. filemoni, mkulima, Mtwango. Halikukataliwa.

30 Aprili

Jua siku nzima. Nimeanika blanketi.

9 Mei

Baridi imeingia. Asubuhi simu ya ofisini imelia, mtu anapiga kutoka Tunduma, anapayuka kuishinda injini ya lori. Mudy. Amerudi kutoka Kongo, ameingia kwenye tovuti hapo mpakani anatafuta mzigo wa kushuka nao.

“Dada Telesia, mimi watu wa barabarani nitawapiga. Nilipofika Tunduma nimeambiwa Filemoni amefariki. Nimekaa kwenye lori nimelia kama mtoto. Sasa naingia humu naona Filemoni, Mtwango, magunia ya viazi, ameandika jana. Waongo wakubwa hawa.”

Nikashika simu kwa mikono miwili. Maneno ya kumweleza yote nilikuwa nayo, yamejipanga: amefariki Februari, tulimzika kwenye maji, huyu ni mdogo wake. Ilibaki kufungua mdomo tu.

“Dada, upo?”

“Nipo.”

“Sema basi. Filemoni yupo au hayupo?”

Kwa mama yake yupo. Kwa wazee yupo, kwa mchungaji yupo, na kwenye kompyuta mimi mwenyewe ndiye niliyemwandika. Nimebaki peke yangu ninayejua vingine, na nimechoka kujua peke yangu.

“Yupo,” nikamwambia. “Yupo Mtwango, viazi viko tayari na barabara imekauka. Nenda kapakie kesho.”

“Alhamdulillahi. Nisalimie sana, mwambie nakuja kumwinua tena.”

Kesho atafika Mtwango, atauona ule mgongo wa Filemoni shambani, atakimbia kumkumbatia, na atakayegeuka ni Yonathani. Nilipaswa kumpigia tena kabla hajaondoka. Nimeinua simu mara mbili nikairudisha. Kisha nimekwenda chumba cha nyuma nikalia mpaka Mzee Sudi akaja kuniita kwamba kuna wateja.